Zebaki Inaogopa Maziwa

Kazi yangu pale Nyarugusu ilikuwa ya mkono. Mawe yakishasagwa kwenye karasha hutoka unga, na unga huo huletwa mwaloni, kwenye madimbwi ya maji ya matope, uoshwe mpaka ubaki mchanga mweusi mzito. Hapo ndipo nilipoitwa mimi. Nilichuchumaa na karai, nikatia maji kidogo na zebaki kidogo, nikazungusha. Ukizungusha kwa pupa dhahabu inaondoka na maji, ukizungusha kwa uvivu mchanga haukuachii. Kuna mwendo wa katikati ambao haufundishiki, mkono unaujua wenyewe, na wangu uliujua. Wenye mawe walinisubiri hata pale ambapo wenzangu walikuwa wamekaa bure. Nilijivuna, sikatai.

Nayasema haya mapema kwa sababu mtu wa mjini akisikia mwanamke wa machimboni hufikiri anauza wali, au anauza kingine. Mimi niliuza mkono. Nimechoka kueleza.

Mama yangu hakuipenda kazi hiyo hata siku moja. Anaishi kijijini upande wa Segese. Ukishuka barabarani unapita kwenye mashamba ya mpunga na pamba, na zizi lake unaliona kabla hujaiona nyumba. Mama ni mtu wa ng'ombe. Maneno hana mengi, na Kiswahili chake ni cha sokoni. Akikupenda anakupa maziwa, akikuonea huruma anakupa maziwa, na akitaka ugomvi uishe anatuma maziwa. Nilipoachika nikaenda machimboni badala ya kurudi kwake, hakunigombeza. Alimpa kondakta wa basi galoni la maziwa aniletee. Mimi, kwa ukaidi wangu, niliwagawia wenzangu, nikaliosha galoni, nikalirudisha na salamu kwamba huku tunakunywa soda. Wiki iliyofuata galoni likaja tena, limejaa.

Kisha akausikia ule usemi wa machimboni, na hapo ndipo akapata nguvu kabisa. Kule kila mtu anajua kwamba zebaki inaogopa maziwa. Sijui nani alianza kusema, lakini wanaochoma dhahabu, wakishauvuta ule moshi, hununua kikombe cha maziwa na kukinywa wima, kama mtu anayetimiza sharti la mganga. Wale wazee wanaotetemeka mikono, maana hakuna mwalo usio na wazee hao, huambiwa bila huruma: wewe hukunywa maziwa. Basi mama aliposikia hayo sokoni kwa watu wanaopita, galoni likawa haliishi njiani. Mimi niliendelea kuligawa. Niliona kwamba nikiyanywa nitakuwa nimekubali kuwa kazi yangu ni sumu na yeye ndiye aliyesema kweli. Hilo tu ndilo lililokuwa kati yetu: yeye anatoa, mimi sipokei. Nilidhani muda wa kupokea upo tele.

Ugonjwa wenyewe ulianza na tumbo. Nilikula kuku kibandani, kuku ambaye ndani alikuwa na wekundu bado, na njaa haina macho. Nilihara mpaka nikaishiwa nguvu, na homa juu. Zahanati wakanipa dawa, tumbo likatulia, nikarudi mwaloni nikaona yamekwisha. Nani anahesabu tumbo la kuendesha kuwa ugonjwa, sehemu ambayo maji ya kunywa yana rangi ya chai?

Baada ya wiki na kitu hivi, nikiwa nimechuchumaa, ukingo wa karai ukawa kingo mbili. Nilifikicha macho, nikadhani ni vumbi. Nikitazama mbele naona watu pacha, nikifumba jicho moja wanakuwa mmoja mmoja. Nikaendelea kuzungusha. Mchanga ukaanza kumwagika upande, na mkono, huu mkono niliojivunia, ukawa unakwenda mbele kuliko nilivyoutuma. Nikitaka kushika chupa ya zebaki naigonga. Nikitaka kujikuna pua najitia kidole jichoni. Nilikasirika kama mtu aliyetukanwa na mtoto wake mwenyewe.

Niliposimama, miguu ikataka kwenda kila mmoja kwao. Niliitanua ili nisianguke, nikawa natembea kama ndama aliyezaliwa asubuhi ile. Mchimbaji mmoja akaniambia dada leo umeanza mapema. Mimi pombe sijawahi kuionja, na mdomo wangu una jibu la kila mtu, nikamgeukia nimpe lake. Ulimi ukawa mzito. Maneno yalitoka yamelegea na kushikamana, kweli kabisa maneno ya mlevi, na watu wakacheka. Hata mimi ningecheka.

Wanawake wa mwaloni hawakucheka. Waliniketisha kwenye gunia, wakaniambia ninyooshe mikono mbele. Ikawa inayumba. Wakaniambia nishike kikombe. Nikakikosa. Wakatazamana kama watu wanaotazama mvua iliyochelewa kuja na sasa imefika. Zebaki imempanda, wakasema, na mimi, miaka yote ile nikiwaambia watu kwamba zebaki si lolote, niliamini. Mtu unayemjua tangu zamani akikuibia, huhangaiki kumtafuta mwizi mwingine.

Walimpigia simu mdogo wangu wa kiume, ambaye ana karakana ya pikipiki Nyahanga, pale Kahama. Alikuja siku ya pili na gari la kukodi. Wakati huo kope zangu zilikuwa zimeanza kushuka, nikawa nazibeba kwa vidole kama mtu anayeinua pazia, na usingizi ulikuwa ukinivuta hata nikiwa naongea. Mpango wa mdogo wangu ulikuwa mzuri: moja kwa moja hospitali Kahama. Lakini barabara ya kutoka kwetu machimboni kwenda Kahama inapita Segese, na alikuwa tayari amemwambia mama kwa simu. Unawezaje kumbeba dada yako mgonjwa ukapita mlangoni kwa mama yake kimya kimya?

Mama alikuwa amesimama barabarani, galoni mkononi. Nilimsikia kabla sijamwona, kwani kumwona ilibidi niinue kope. Mdogo wangu akamwamkia shikamoo kwa haraka, akamweleza kuwa tunakwenda hospitali. Mama hakumjibu shikamoo yake. Alimwuliza jambo moja.

"Hospitali wana maziwa?"

Mdogo wangu hakuwa mjinga, na mama pia hakuwa mjinga. Huo usemi mdogo wangu alikuwa ameusikia kila mahali, kwa wachimbaji wanaokuja kutengeneza pikipiki kwake, kwa wanunuzi wa dhahabu, kwa madereva. Hakuna aliyekuwa amewahi kumwambia kwamba si kweli. Alikuwa ananiona nayumba na kutetemeka, akijua mikono yangu imeshinda ndani ya zebaki miaka. Mama akamwambia mtoto anywe siku mbili tatu, zebaki ilegee, kisha hospitali wammalizie. Ilisikika kama akili. Mdogo wangu angekuwa mtu wa pwani au wa milimani, asiyeijua zebaki, angenipeleka hospitali palepale kwa ujinga wake na ujinga huo ungenisaidia. Sisi tulijua mno.

Wakanishusha.

Ya siku zile nayakumbuka vipande vipande. Nililazwa kwenye kitanda cha mama, chumba ambacho kina harufu ya moshi na samli. Macho hayakufunguka tena. Watu walidhani nimelala, na kweli muda mwingi nililala, usingizi mzito wa kuzama. Ila katikati nilikuwa naibuka, nikawa nasikia kila kitu na siwezi kuinua hata kidole kwa adabu. Nikikituma kinakwenda kwingine. Nilisikia kuku wakiingia na kufukuzwa. Nilisikia jirani akija kunipa pole, mwangaluka mayu, yaani umeamkaje mama, wakaongea Kisukuma kwa sauti ya chini, jirani akasema kwa Kiswahili, kama watu wanavyosema methali, kwamba mgonjwa haulizwi uji. Mama akaitikia.

Kisha nikasikia kijiko kikigonga kikombe.

Alininyanyua kichwa akakiegemeza kwenye kifua chake. Maziwa yalikuwa ya vuguvugu, yamechemshwa, yana ule utandu juu ambao nilipokuwa mdogo niliugombania na mdogo wangu. Yaliingia. Nilitaka kumeza na koo halikuitika. Sijui nielezeje. Mtu akimeza hajui kwamba anafanya kazi, kama vile mimi sikujua mkono wangu unafanya nini na karai. Maziwa yalikaa nyuma ya ulimi, kisha yakaenda yenyewe yalikotaka. Nilitaka kumwambia mayu, ngoja. Hakuna kilichotoka. Na sikukohoa. Kama ningekohoa angesimama, maana amelea ndama na watoto, kupaliwa anakujua. Lakini hata kikohozi kilikuwa kimelala.

Yeye aliona kikombe kinapungua na mimi nimetulia. Nikamsikia anamwambia jirani, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake kabla na sijaisikia tena:

"Amekunywa. Leo hajakataa."

Alifurahi. Hicho ndicho kinachoniuma kuliko yote, kwamba alifurahi. Miaka yote ya magaloni na leo nimekunywa, kifuani kwake, kikombe kizima. Akanipa tena jioni. Akanipa kesho yake asubuhi.

Mdogo wangu aliporudi kuniona nilikuwa nawaka moto na ninapumua kwa sauti ya msumeno. Mara hii hakuuliza mtu. Alinibeba mgongoni mpaka kwenye gari. Kahama wakaniwekea hewa na kunisukuma Mwanza, hospitali ya rufaa, na huko nikapitishwa mpira puani hadi tumboni, nikawa nalishwa kwa bomba la sindano. Siku nyingi za hapo sina. Mdogo wangu ndiye aliyenirudishia baadaye, akinisimulia huku anatengeneza pikipiki, maana anapokuwa na spana mkononi anaweza kusema mambo magumu.

Kilichotokea kando ya kitanda changu alinisimulia hivi. Daktari wa mishipa ya fahamu, mama mmoja mpole, aliwaita yeye na mama. Akasema mgonjwa wenu ana uvimbe kwenye shina la ubongo. Mama aliposikia uvimbe akajishika kichwa, kwa sababu kwetu uvimbe ni kile kitu kinachoota, kinakua, kinaua. Daktari akaona, akasahihisha. Si uvimbe wa kuota, akasema, ni kuvimba tu, kama mguu unavyovimba ukijikwaa. Akaeleza kuwa nilipata vijidudu vya tumbo, mwili ukapigana navyo ukavishinda, lakini nguvu za kupigana zikageukia shina la ubongo, pale panapotoka amri za macho, za kumeza, za kukaa sawa usianguke. Ugonjwa wenyewe ni nadra, akasema. Madaktari wengi wanastaafu bila kuuona. Wengi wanaoupata hupona, taratibu, na wengine hubaki na kidogo.

Mdogo wangu akamtafsiria mama kwa mfano wa kwetu. Ni kama sungusungu, akamwambia. Umepigwa mwano, lile yowe la kuita watu, wametoka na fimbo, mwizi wamempata na wamemmaliza, ila hasira haijawaisha, basi wakaingia nyumba ya jirani wakampiga mwenye nyumba kwa sababu anafanana na mwizi. Mama akauelewa huo mfano mara moja. Akauliza: kwa hiyo si zebaki?

Daktari akasema hapana. Vipimo vya kuiangalia zebaki walivifanya, na ugonjwa huu hautoki huko.

Fikiria mwenyewe. Miaka yote mama alikuwa akisema kazi hiyo itakumaliza, na nilipoanguka kila mtu akampa haki yake, hata mimi niliyekuwa mbishi. Sasa haki hiyo ikachukuliwa na kuku mbichi wa kibandani. Hilo angelivumilia. Mama si mtu wa kupenda kushinda. Lakini aliuliza swali moja zaidi, kwa Kiswahili chake.

"Na maziwa?"

Daktari hakujua anaongea na nani. Alidhani mama anauliza kama aendelee kuleta chakula, kwa kuwa alikuwa amekuja na chupa ya chai iliyojaa maziwa ya ng'ombe wake, ameisafirisha kutoka Segese mpaka Mwanza akiwa ameipakata. Akamjibu kwa upole kwamba asilete. Maziwa ndiyo yaliyoingia mapafuni, akasema, na kilichokaribia kumwua binti ni hayo mapafu kuliko ubongo. Mtu asiyeweza kumeza hapewi kitu mdomoni.

Mama alikuwa amesikia kila neno. Hata hivyo akamgeukia mdogo wangu akamwambia amtafsirie kwa Kisukuma. Na mdogo wangu, ambaye tangu utoto hajui kusema uongo hata wa kuombea ruhusa, akatafsiri kila kitu, kuanzia mapafu mpaka kuua.

"Dada, ningeweza kutafsiri nusu," aliniambia, spana mkononi. "Alikuwa ananipa nafasi nitafsiri nusu."

Nilimwambia mama angejua tu. Sina hakika. Wakati mwingine mtu anajua jambo lakini halijasemwa kwa lugha yake, na hapo bado kuna pa kukaa.

Mama alitoka nje ya wodi na ile chupa. Alikwenda kwenye karo la kufulia, akayamwaga. Kwetu maziwa hayamwagwi. Yakiharibika anapewa mbwa, yakimwagika kwa bahati mbaya mtoto anachapwa. Mdogo wangu alisema alisimama pale mpaka maji ya bomba yalipokuwa meupe, kisha yakawa maji tena, ndipo akafunga.

Alikaa nami Mwanza muda wote. Alilala chini kwenye mkeka, alinigeuza nisipate vidonda, alinifua nguo, alinisuka nywele nikiwa bado sijui kama niko duniani. Walipoutoa ule mpira na kuruhusu nianze uji mzito, nikawa nasubiri mama anilishe. Alikoroga uji, akaupoza, akaujaribu kwa ulimi. Kisha akamwita ndugu wa mgonjwa wa kitanda cha pili, mwanamke wa watu, akamwomba anilishe yeye. Kila siku alimwomba. Mwanamke yule alidhani mama ana mkono mbovu, akampa pole ya mkono.

Macho yangu yalirudi kwanza. Kope zikapanda, pacha wakawa mmoja, nikaona dari. Mwendo ulichelewa. Mtaalamu wa mazoezi alinisimamisha katikati ya vyuma viwili na kuniambia nifuate mstari wa vigae, mguu mbele ya mguu, nami mtu mzima, niliyevuka madimbwi ya mwalo kwenye ubao mwembamba huku ndoo ya mchanga i kichwani, nikalia mbele ya kigae. Alinifundisha kugusa pua yangu, kisha kidole chake, kisha pua yangu. Alinifundisha kunywa: kidevu kifuani, funda dogo, meza, subiri, meza tena. Hilo la kunywa bado nalifanya. Vitu vizito vinashuka bila shida, vyepesi vinaweza kunipalia nikiwa nimechoka. Nikigeuka ghafla nagusa ukuta. Mtu asiyenijua haoni kitu, labda ataona kuwa napenda kutembea nikiwa nimetanua miguu kidogo, kama mwanamke mwenye maringo.

Nilirudi Nyarugusu mara moja tu. Nilipewa karai kwa heshima, watu wakazunguka. Nikatia maji, nikazungusha. Niliuona mchanga unakwenda, nikaona kwa macho yangu vichembe vya njano vinafuata maji kwenye ukingo, na mkono ukawa unafika baada ya mambo kutokea. Mwenye mchanga akasogea. Alinipokea lile karai taratibu, kama unavyompokonya mtoto kisu, akampa binti aliyekaa pembeni. Siku hizi nauza mchele Nyahanga, karibu na karakana ya mdogo wangu. Kupima mchele hakuhitaji kipaji. Sijaona bado siku ambayo sikuukumbuka ule mwendo wa katikati, na nikiwa peke yangu nauzungusha ungo wa mchele kama karai, naona hauji, nauacha.

Lakini mkono nimeuzika. Mtu anaweza kuuzika mkono akala mchele. La mama ndilo lisilozikika.

Nikienda kwake, anawapa wote maziwa. Watoto wa mdogo wangu wanapewa, majirani wanapewa, fundi aliyekuja kuezeka zizi alipewa bakuli ambalo lingetosha kuogea. Mimi nawekewa chai ya rangi. Ina sukari nyingi, ina tangawizi, imetengenezwa kwa mkono mwema, na inakaa kwenye chupa yake peke yake ili isichanganywe. Chai nayo ni maji, tena ni nyepesi kuliko maziwa. Kama ni ya kunipalia ingenipalia hiyo kwanza. Nimemweleza. Lakini mama hana kesi na chai.

Nimemweleza mengi. Nimemwambia hakuna ambaye angejua, kwamba machimbo mazima yangenipa maziwa, kwamba hata mimi ningempa yeye. Anaitikia "najua" na kuendelea kupepeta. Tatizo la mama ni kwamba anapokubali huwezi tena kubishana naye. Nilianza kuona kuwa maneno hayatafika. Kama kwake kutoa ndiko kusema, basi lazima nami nijibu kwa lugha hiyo hiyo. Miaka ile ya soda nilikuwa nakataa aliponipa. Sasa niombe.

Nikaomba kiangazi kilichopita, asubuhi, baada ya kukamua. Nilimwambia mayu, naomba maziwa.

Alichochea moto. Kisha akabandika sufuria, akayachemsha mpaka yakapanda, akayashusha, akayachemsha tena. Akayapoza kwa kuyamimina kutoka kikombe hadi kikombe. Akajaza nusu tu, akakiweka kwenye kigoda mbele yangu, akasimama.

"Utakunywa nikiwa nje," akasema.

Akatoka. Nikamsikia anachukua ufagio na kuanza kufagia uwanja, ambao ulikuwa umeshafagiliwa. Nikashusha kidevu kifuani kama nilivyofundishwa. Funda dogo, meza, subiri, meza. Yalikuwa matamu, nasema kweli, matamu mpaka nikaona aibu ya yale magaloni yote. Funda la pili likashuka vizuri. Pengine nilifurahi mapema mno. La tatu likaenda njia isiyo yake.

Nilijaza kanga mdomoni. Nilikibana kile kikohozi kwa nguvu zote nilizo nazo, kifua kikaruka, machozi yakatoka, pua ikawaka moto, na sikutoa sauti ambayo hata paka angegeuka kuitazama. Nje ufagio ukasimama. Nikameza, nikavuta pumzi kidogo kidogo, nikameza tena. Ufagio haukuendelea. Nilipopata sauti nikayamalizia yaliyobaki, nikaita.

"Mayu, nimemaliza. Matamu."

Aliingia. Hakuniuliza kama nimekohoa. Alichukua kikombe, akakitazama ndani, akayatazama macho yangu, akaitazama kanga iliyoloa mapajani mwangu. Akaketi kwenye kigoda, pale kilipokuwa kikombe, tukawa magoti kwa magoti, na akaniwekea mkono kwenye koo, kiganja kizima, kama anavyomshika ndama kujua kama alichonyweshwa kimeshuka.

"Mwanangu," akasema, "usiniombe tena."

Sijamwomba tena.